Jinsi ya Kutembelea Kilima cha Salaita na Viwanja vya Vita vya Taveta: Mwongozo Kamili

Wengi wanaokwenda Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta kusini mwa Kenya, hurudi na lalamiko lilelile: "Tulikuta kilima na miiba, basi." Ukiwauliza walivyokwenda, utasikia walishuka garini saa sita mchana, wakapanda moja kwa moja hadi kileleni, wakapiga picha, wakaondoka. Handaki hawakuliona hata moja.

Kosa ni kuanzia juu. Majenerali wa Kiingereza walikosea vivyo hivyo tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walipopigana hapa na Wajerumani waliotawala Tanzania bara ya leo. Waliamini Wajerumani wamejichimbia kileleni, mizinga ikatwanga kilele, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini kabisa, yamefichwa kichakani. Askari wa Afrika Kusini walioamriwa kusonga mbele ndio waliolipa.

Mwongozo huu unafuata mwelekeo wa washambuliaji, kutoka mashariki kwenda magharibi: Voi, Maktau, Mbuyuni, Salaita, mji wa Taveta, kisha vilima vya Latema na Reata. Tenga siku mbili. Kwa siku moja inawezekana, lakini utafika Salaita jua likiwa utosini, na saa hiyo ardhi haionyeshi kitu.

## Vitu vya kubeba

- Maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na jerikeni moja ya akiba garini. Usitegemee kununua maji kati ya Maktau na Taveta.
- Buti zinazofunika kifundo cha mguu na suruali nzito ndefu. Miiba ya mgunga hutoboa soli ya raba.
- Kofia pana, na shati la mikono mirefu la rangi ya udongo.
- Darubini. Bila darubini, hatua ya 5 haifanyiki ipasavyo.
- Dira, ya mkononi au ya kwenye simu, na ramani uliyoipakua kabla. Mtandao hukatika njiani.
- Fimbo ya urefu wa kiuno, ya kupapasia nyasi kabla ya kukanyaga.
- Kioo kidogo cha mfukoni. Matumizi yake utayaona makaburini.
- Bendeji pana za kukunjuka, mbili au tatu, na kibano cha kutolea miiba.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Uko mpakani, utaulizwa.
- Pesa taslimu za noti ndogo pamoja na M-Pesa yenye salio.
- Gurudumu la akiba lililojazwa upepo. Likague kabla ya kuondoka Voi.

Usibebe mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Kifaa cha kutafutia chuma ardhini kiache nyumbani kabisa. Ukionekana nacho uwanjani, hakuna maelezo yatakayokuokoa.

## Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha saa

Miezi mizuri ni Januari hadi Februari, na Julai hadi mapema Oktoba. Mvua za masika na za vuli huotesha nyasi zinazofunika mahandaki yote, na njia za udongo huteleza hadi gari la kawaida likwame. Februari ina joto kali, lakini ndio mwezi wa mapigano yenyewe, kwa hiyo utaona kichaka karibu kama walivyokiona wao.

Saa ina uzito kuliko msimu. Fika Salaita kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Jua la chini hulaza kivuli ndani ya kila shimo, na handaki lenye kina cha goti linajichora kama mstari mweusi. Saa tano kivuli hicho kimeisha. Nafasi ya pili ni kuanzia saa kumi jioni, ila hapo ujiwekee mpaka: saa kumi na mbili uwe umerudi barabarani.

## Hatua ya 2: Pata mwenyeji na ruhusa

Salaita haina lango wala dawati la tikiti la kukuelekeza. Ardhi inayozunguka kilima ina wenyewe: wafugaji, wakulima, watu wa vijiji. Ukiingia bila salamu utafikiriwa mchimba dhahabu, kwani uvumi wa hazina ya Wajerumani haujafa katika nchi hii.

Siku moja kabla, pitia ofisi ya chifu au naibu wa chifu wa eneo hilo. Eleza unakwenda kutazama na kupiga picha tu, huchimbi. Omba upewe kijana anayechunga mifugo pale. Mchungaji anajua handaki lipi lina nyoka na njia ipi tembo walipita jana, na hayo mwongozaji aliyetoka Nairobi hawezi kuyajua. Mkubaliane malipo mapema, mbele ya aliyewakutanisha.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na karibu na mpaka utabanwa zaidi. Bila kibali, usiirushe.

Utajua umefanikiwa: una jina la mtu atakayekupokea, namba yake ya simu, na mahali mtakapokutana alfajiri.

## Hatua ya 3: Siku ya kwanza, Voi na Maktau

Treni ya SGR inasimama Voi, na kutoka hapo barabara ya lami ya A23 inakwenda hadi Taveta, zaidi kidogo ya kilomita 100. Matatu zipo, lakini matatu haitakusubiri uwanjani. Kodi gari, au ungana na wenzako mgawane gharama.

Voi anza na makaburi ya kijeshi. Mtafute Wilbur Dartnell, luteni aliyezaliwa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alikataa kuwaacha majeruhi wake, akauawa nao. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Baadaye utapita nchi alikofia, na ni vizuri uwe umeliona kaburi kwanza.

Kati ya Mwatate na Maktau, hoteli ya Taita Hills ina maonyesho madogo ya vita hivi. Piga simu kwanza kuuliza kama wasiolala pale wanaruhusiwa kuingia.

Halafu Maktau. Mwaka 1915 hapa palikuwa kambi kubwa ya Waingereza mwisho wa reli mpya kutoka Voi. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Fanya mambo matatu:

1. Tafuta tuta la reli ya zamani na ulikariri kwa macho. Linaandamana na barabara kuelekea Taveta na litakusaidia kujua uko wapi.
2. Omba kuonyeshwa makaburi ya askari wa Kihindi. Jeshi lililopigana hapa halikuwa la Wazungu peke yao: Wabaluchi, Wapunjabi na askari wa King's African Rifles (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) walikuwa mstari wa mbele.
3. Tazama mabaki ya ngome na mahandaki karibu na kituo. Haya ni rahisi kuyatambua, na jicho lililoyazoea litakuwa kali zaidi kesho.

Lala Taveta au karibu na Maktau. Ukilala Voi, mwanga wa asubuhi umeukosa.

## Hatua ya 4: Vuka Tsavo bila kushuka

Baada ya Maktau barabara inakata kipande cha kusini cha Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Ukipita kwenye barabara kuu tu, hulipi. Ukitaka kuingia ndani, unalipa ada ya hifadhi, na malipo hufanywa kwa eCitizen wala si kwa fedha mkononi.

Usishuke kuchimba dawa wala kupiga picha ya mbuyu. Tembo huvuka lami wakati wowote, na ndama akikutangulia, mama yake yuko nyuma yako. Ukikuta kundi barabarani, simama mbali, usizime injini, usipige honi, ngoja. Usiendeshe kipande hiki usiku: tembo hana taa, na ngozi yake hairudishi mwanga.

Mbele kidogo ni Mbuyuni, ambako Waingereza walipigana na kushindwa Julai 1915, wakarudi kuikalia Januari 1916. Magharibi yake walijenga kambi waliyoiita Serengeti. Hapa ndipo wasomaji wa ramani za zamani hupotea: si ile hifadhi ya Tanzania. Ni jina la mbuga hizi za Taveta, na shambulio la Salaita lilianzia hapo.

## Hatua ya 5: Kitazame kilima kutoka mbali kwanza

Wanaoiruka hatua hii ndio wanaorudi na lile lalamiko la kilima na miiba.

Ukiwa kilomita mbili au tatu mashariki mwa Salaita, mahali salama nje ya hifadhi, egesha pembeni kabisa mwa lami. Jua liko mgongoni mwako, kilima kiko mbele. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro inaonekana nyuma upande wa kulia. Sasa jibu maswali haya kwa darubini:

- Kutoka hapa, unaona nini chini ya kilima? Utaona kichaka tu, na makamanda nao waliona hichohicho.
- Ungeelekeza wapi mizinga? Jicho linakimbilia kileleni lenyewe, maana ndicho kitu pekee kinachojitokeza.
- Mtu anayetembea kuelekea kilima angejificha nyuma ya nini? Wajerumani walikuwa wamefyeka kichaka mbele ya mahandaki yao ili bunduki za rashasha zipate uwazi, na wakazungushia boma la miiba.

Kisha tembea mita 300 hadi 500 kuelekea kilima pamoja na mwenyeji wako, polepole. Hesabu mara ngapi kilima kinapotea machoni kwa sababu ya kichaka. Kikosi kikishapotezana na jirani yake katika nchi ya namna hii, amri hazifiki. Siku ile Waafrika Kusini, wengi wakiwa hawajawahi kupigana Afrika Mashariki, walikatwa na mashambulizi ya askari wa Kijerumani waliotokea ubavuni na singe (visu vya bunduki). Kikosi cha 130 cha Wabaluchi, walichokuwa wakikibeza safarini, ndicho kilichosimama imara kuwafunika wakirudi nyuma.

Utajua umefanikiwa: unaweza kumweleza mwenzako, bila karatasi, kwa nini mizinga ilikosa.

## Hatua ya 6: Tafuta mahandaki chini ya kilima

Usipande bado. Zunguka kilima chini, ukianzia uso wa mashariki, ukitembea sambamba na mteremko. Endelea kaskazini kisha kusini.

Miaka zaidi ya 100 ya mvua, ng'ombe na tembo imeyajaza udongo mahandaki. Usitarajie shimo la kusimama mtu. Tarajia bonde jembamba, kina cha sentimita 30 hadi 60, pengine zaidi palipo na mawe. Linatofautishwa hivi:

Handaki au korongo la maji? Korongo hushuka na mteremko, na huwa pana zaidi kadiri linavyoshuka. Handaki hukata mteremko kwa ubavu, likibaki usawa uleule, na upana wake haubadiliki sana.

Handaki au njia ya ng'ombe? Njia haina tuta. Handaki lina tuta la udongo uliotupwa upande wa adui, yaani upande wa nje, hata kama limebaki kimo cha kiganja.

Mstari wake umenyooka? Handaki la kijeshi huvunjwavunjwa kwa kona ili kombora moja lisiue wote. Ukiona mstari umepinda ghafla, ukanyooka, ukapinda tena, hilo ndilo.

Mawe yamepangwa? Palipo na mwamba hawakuweza kuchimba, wakapanga kuta fupi za nusu duara. Mawe yaliyoporomoka yenyewe hayakai duara. Zizi la mifugo ni kubwa zaidi na lina mlango.

Ukishapata moja, chuchumaa nyuma yake (usiingie ndani) na utazame mashariki. Ukiona uwanda wote uliokuja nao, umelisoma sawasawa. Ukiona kichaka kilicho hatua mbili tu mbele yako, huenda ni kichaka kipya, au umepotea. Sogea mita ishirini ujaribu tena.

Tahadhari: mashimo haya ni nyumba ya bafe na nge. Gonga kwa fimbo kabla ya kukanyaga ukingo. Usiingize mkono chini ya jiwe lolote. Usihamishe jiwe hata moja la ukuta. Likishasogezwa, hakuna atakayejua lilikaaje.

Hatua hii pekee ipe saa moja na nusu. Wengi hukata tamaa katika dakika kumi za kwanza, jicho likiwa bado halijazoea. Handaki la kwanza ndilo gumu, mengine huja yenyewe.

## Hatua ya 7: Kilele, sasa

Kilima ni kifupi, na kupanda hakuchukui muda. Juu, tazama magharibi. Unaona nchi ya mto Lumi, Taveta, na vilima vya mpakani. Kisha geukia kaskazini, upande wa ziwa Chala. Salaita haikutekwa kwa kushambuliwa uso kwa uso. Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyekuja kuchukua ukamanda wa Waingereza baada ya kushindwa kule, tarehe 8 Machi 1916 alituma vikosi kuzungukia upande wa Chala, na kesho yake Wajerumani wakawa wamekiacha kilima ili wasizingirwe. Kutoka kileleni jambo hili linaeleweka mara moja, bila mshale wa ramani.

## Hatua ya 8: Ukikuta chuma au mfupa

Maganda ya risasi bado huonekana baada ya mvua. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale bila idhini. Piga picha kikiwa palepale, weka sarafu kando kuonyesha ukubwa, andika mahali, kisha ukiache.

Usinunue risasi wala vifungo kutoka kwa watoto. Kila unaponunua, unawalipa wakachimbe handaki jingine.

Kitu cha mviringo, kizito, chenye kutu na ncha ni hadithi nyingine. Hicho kinaweza kuwa kombora lisilolipuka, na baruti ya zamani haizeeki kwa upole. Usikiguse, usikitupie jiwe, usikimwagie maji kukisafisha. Rudi kwa nyayo ulizojia, weka alama inayoonekana mbali nacho, piga 999 au 112, kisha umjulishe chifu. Ukikuta mifupa inayofanana na ya binadamu, fanya hivyohivyo.

## Hatua ya 9: Makaburi ya kijeshi ya Taveta

Yako mjini, na mwendesha boda boda yeyote atakufikisha. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kabla ya safari, tafuta majina kwenye tovuti yao kwa tarehe 12 Februari 1916 (Salaita) na 11 hadi 12 Machi 1916 (Latema na Reata), uandike namba za makaburi. Bila orodha utatembea kati ya mawe bila kujua nani alifia wapi.

Maandishi yaliyofifia yasomwe kwa kioo: simama kando ya jiwe, rudisha mwanga wa jua upite juu yake kwa ubavu, herufi zitainuka. Usipake chaki, usikwaruze, usisugue kwa brashi ya chuma.

Angalia pia wasiokuwepo. Wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba chakula na risasi za vita hivi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na karibu wote hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri hadharani kwamba Waafrika hawakuenziwa sawa na wengine. Ukiwa na jina la babu wa ukoo aliyechukuliwa "Kariakoo", usishangae kutolikuta hapa. Wazee wa kwenu, na kumbukumbu zilizopo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi, ndiko pa kuanzia.

## Hatua ya 10: Latema na Reata

Vilima hivi pacha viko upande wa mpakani, na barabara ya zamani ya kuelekea Kahe ilipita katika pengo lao. Nenda saa kumi jioni. Simama penye pengo, usipande chochote kwanza, utazame pande zote mbili: anayeshika miamba ile anaona kila kinachopita chini.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1916 mashambulizi yalirudishwa mara kwa mara, Smuts akaamuru watu waondolewe, na asubuhi ikagundulika kuwa vikundi vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania juu ya vilima na Wajerumani wameondoka. Mteremko wa mawe na miiba unaeleza kwa nini hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi gizani.

Hapa beba kitambulisho mfukoni, si garini. Usipige picha za polisi, vizuizi wala kituo cha mpakani cha Holili. Usifuate vijia vinavyoelekea magharibi hata kama mwenyeji anavitumia kila siku. Yeye anajulikana, wewe hujulikani.

## Mambo yakienda kombo

Mtu ameumwa na nyoka. Mlaze, asitembee. Vua pete na viatu upande ulioumwa, funga bendeji pana bila kukaza, egemeza kiungo kwa fimbo kisitingishike. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mkimbize hospitali ya Taveta, na umpigie simu mtu atangulie kuuliza kama dawa ya sumu ipo. Ikikosekana mtaelekezwa Voi.

Kichwa kinauma, jasho limekauka. Ni joto. Kivuli, maji kwa funda ndogondogo, kitambaa chenye maji shingoni na kwapani. Akianza kuongea visivyoeleweka, ni hospitali moja kwa moja.

Umepoteza mwelekeo kichakani. Simama. Tafuta kilima, kisha sikiliza malori ya barabara kuu. Vikikosekana vyote viwili, mpigie mwenyeji wako na ukae palepale. Anayehamahama ndiye anayechelewa kupatikana.

Mvua imekushika uwanjani. Ondoa gari kwenye njia ya udongo mara unapoona wingu likishuka, hata kama handaki zuri ndio kwanza umelipata. Likishanasa, utalala nalo hadi udongo ukauke.